Jiko la mkaa chumbani: kemia ya usiku mmoja wa baridi Njombe

Kila ikifika mwezi wa sita na wa saba lazima utasikia habari ya watu waliolala na jiko ndani asubuhi hawaamki, na maelezo yanayofuata ni yaleyale mawili, "walikosa hewa" au "walivuta moshi". Yote mawili hayajakaa sawa, kinachoua ni kaboni monoksaidi (CO), gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa. Hewa kwa kawaida ilikuwepo ya kutosha, na moshi haukuwepo, tena kutokuwepo kwa moshi ndo kulikowafanya waamini jiko liko salama. Mi naona kisa kama hiki ndo mfano mzuri kuliko yote wa kufundishia ekwilibriamu, yaani ule msawazo wa kikemia (mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi sawa mpaka unaonekana umetulia) ambao mwanafunzi wa kidato cha tatu anaukariri kwa ajili ya mtihani halafu anausahau, kwa sababu ndani ya chumba kimoja unaupata mara tatu: kwenye jiko, kwenye damu, na kwenye matibabu. Na kote huko swali ni lilelile, ukiuvuruga msawazo mmenyuko utaelekea upande gani, na la pili ambalo watu hulisahau, utachukua muda gani kufika huko.

Kisa nimekiunga mwenyewe kutokana na jinsi mambo haya yanavyotokea, sio cha familia fulani. Chumba kimoja cha kupanga Njombe mjini, mita 3 kwa 3, dari mita 2.5. Baba, mama mwenye mimba ya miezi saba, na mtoto wa miaka minne. Mwezi wa saba, baridi ile ya Njombe ambayo ukitoka nje unaona pumzi yako. Ugali umeshaiva, umeshaliwa, jiko bado lina mkaa kama nusu kilo umekolea mwekundu, hauna moshi wala harufu. Mama anasema "baba watoto, hilo jiko lishakolea, liingize tu ndani mtoto apate joto". Dirisha limefungwa, kipande cha kanga kimesukumiwa chini ya mlango, na kabla ya kulala baba anamwagia majivu kidogo juu ya mkaa ili usiishe haraka. Saa tatu usiku wote wamelala.

Kwenye saa tano hivi mtoto anaamka analia, anatapika. Mama anaamka kichwa kinagonga, akisimama miguu haina nguvu, anadhani ni mimba. Baba anaitwa anaropoka maneno yasiyoeleweka halafu anarudi kulala. Mama anafungua mlango amtoe mtoto akatapikie nje, mlango unabaki wazi, na hapo ndo bahati ya nyumba nzima ilipo. Jirani anasikia, bajaji inatafutwa, wanafika hospitali. Kipimo cha malaria hakuna kitu. Ile mashine ya kubana kidoleni inayopima oksijeni kwenye damu inasoma 98, safi kabisa. Wanaanza kuulizwa walikula nini, mpaka nesi mmoja anauliza, "Mama, mmelala na jiko?"

Haya, tuanze na jiko. Hewa inaingia kwenye mlango wa chini, inapita kwenye matundu, inakutana na mkaa wa moto. Hapo chini oksijeni ni nyingi kwa hiyo kaboni inaungua vizuri tu inakuwa CO2, kaboni dayoksaidi, na joto linatoka. Huu hauna mchezo wa kurudi nyuma, unaenda mbele mpaka oksijeni iishe. Tatizo ni kwamba hiyo CO2 haitoki moja kwa moja, lazima ipande katikati ya mkaa mwingine mwekundu ulioko juu yake ambako oksijeni ishaliwa yote, na humo inakutana na mmenyuko wa pili:

CO2 + C ⇌ 2CO

Huu unaitwa mmenyuko wa Boudouard, kwa jina la Octave Boudouard, Mfaransa aliyeuchunguza karibu na mwaka 1900. Kwenda kulia, yaani kutengeneza kaboni monoksaidi, unameza joto, kama kilojuli 172 kwa kila moli (kipimo cha idadi ya chembe) ya CO2. Sasa tabiri. Kanuni ya mkemia Mfaransa Le Chatelier ya mwaka 1884 inasema mfumo uliotulia ukiuvuruga utasogea upande ule unaopunguza huo usumbufu uliouleta. Ukiupa joto utaelekea upande unaomeza joto, ambao hapa ni kulia, kwenye CO. Na kweli ukiangalia namba ndo hivyo, kwa kanieneo (presha) ya kawaida na gesi hizi mbili tu zikiwa pamoja na mkaa, kwenye nyuzi 500 za Selsiasi CO ni asilimia chache tu, kwenye 700 inafika kama asilimia 60, kwenye 900 inapita 95. Mkaa mwekundu uliokolea katikati ya jiko uko hukohuko kwenye 700 na kwenda juu. Kwa hiyo ule wekundu mzuri ambao kila mtu anausubiri aseme "sasa umekolea, hauna madhara" ndo joto ambalo msawazo umeegemea upande wa sumu.

Kuna vitu vingine viwili humo. Kanieneo: kushoto kuna gesi moli moja (kaboni ni ngumu haihesabiwi), kulia moli mbili, kwa hiyo ukibana mfumo unarudi kushoto na ukiulegeza unaenda kulia. Jiko halina mfuniko wa kubana kitu. Halafu hewa iliyoingia asilimia karibu 79 ni naitrojeni ambayo haifanyi kazi yoyote ila inazimua zile gesi nyingine, na kuzimua kwa kanieneo ileile ni sawa na kulegeza, mmenyuko unasogezwa kulia tena. Yaani kila kitu kwenye jiko kinasukuma upande mmoja.

Swali ambalo wanafunzi huliangukia: ukiongeza mkaa je, msawazo unasogea? Hausogei. Kaboni ngumu haimo kwenye hesabu, uwe na kipande kimoja au debe zima uwiano wa CO na CO2 kwenye msawazo ni uleule. Mkaa mwingi unabadilisha kitu kingine, unaipa CO2 njia ndefu zaidi ya kupita kwenye moto na eneo kubwa zaidi la kugusana, kwa hiyo inaufikia msawazo badala ya kutoka njiani kabla haijafika. Jiko lililojaa lina hatari kuliko jiko lenye mkaa wa kutandaza tu chini, ila sababu yake ni kasi, siyo mwelekeo.

Hapohapo mtu atauliza, sasa mbona CO ikitoka juu na kupoa haigeuki kuwa CO2 na masizi, maana kwenye nyuzi 15 za chumbani msawazo uko kushoto kabisa? Swali zuri sana hilo. Kwa kanuni inatakiwa igeuke. Haigeuki kwa sababu kwenye ubaridi ule mmenyuko ni wa polepole kiasi kwamba hata ukisubiri mwaka huoni kitu, gesi imeganda ikiwa na sura iliyokuwa nayo kwenye moto. Kanuni imekuambia ukweli kuhusu upande, haikukuahidi kitu kuhusu muda. Le Chatelier mwenyewe alikuwa na mfano mzuri wa watu waliochanganya haya mambo kinyumenyume: wenye matanuru ya kuyeyushia chuma waliona gesi inayotoka juu bado ina CO nyingi, wakafikiri haipati muda wa kutosha kugusana na mawe ya chuma, wakajenga matanuru marefu mpaka mita 30, hela nyingi ikaenda, na CO ikaendelea kutoka vilevile. Kule kasi ilikuwa sawa, ni msawazo wenyewe uliokuwa unakataa. Kwenye chumba cha Njombe ni kinyume chake, msawazo unataka CO iondoke ila kasi haipo.

Kitu kimoja kinaweza kuiondoa kabla haijatoka, moto. Ukiangalia jiko la mkaa uliokolea gizani utaona ndimi ndogo za bluu zinacheza juu ya mkaa, hiyo ni CO inaungua na oksijeni ya hewa ya juu inakuwa CO2. Ndimi hizo zikiwepo afadhali kidogo, sehemu kubwa inaishia pale. Ila ili CO iwake inahitaji joto, zaidi ya nyuzi 600, na baba kamwagia majivu. Sehemu ya juu imepoa, ndimi za bluu zimezimika, huku ndani ya rundo mkaa bado ni mwekundu unaendelea kuzalisha. Kwa hiyo lile jiko lililotulia, lililofunikwa majivu, lisilo na moshi wala mwali, kwa macho ndo jiko la amani kuliko yote, na kwa kemia ndo baya.

Sasa piga hesabu ya chumba. Mita 3 mara 3 mara 2.5 ni mita za ujazo 22.5, lita 22,500. Tuanze na ile hoja ya kukosa hewa. Oksijeni humo ni asilimia 21, lita 4,725. Nusu kilo ya mkaa ina kaboni tuseme gramu 400, ambazo ni moli 33, ukiziunguza zote zinakula moli 33 za oksijeni, ambazo kwa kipimo cha shuleni cha lita 24 kwa moli ni kama lita 800. Oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi 17 na kitu, na hapo nimechukulia chumba hakipitishi hewa hata chembe, kitu ambacho si kweli. Kwa mtu wa Njombe ambaye tayari yuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hiyo ni kama umempandisha ghafla mpaka chini kidogo ya kituo cha Horombo pale Kilimanjaro, na Horombo watu wanalala kila siku, wanaumwa kichwa kidogo wanaamka wanaendelea na safari. Hakuna anayekufa kwa hilo. Kwa hiyo "walikosa hewa" tuiweke pembeni.

Halafu chukua upande wa CO. Ili chumba kiwe na CO asilimia 0.1 tu, unahitaji lita 22.5 za hiyo gesi, ambazo ni moli 0.94, ambazo zinatoka kwenye gramu 11 za kaboni. Gramu 11! Hicho ni kipande kidogo cha mkaa kinachokaa kwenye kiganja cha mtoto. Sisemi mkaa wote unageuka CO, ila hata ukisema moja ya kumi tu ya kaboni ndo inatoka kama CO na iliyobaki inaungua vizuri, gramu 400 zinakupa 40, na 40 ni karibu mara nne ya unachohitaji. Chumba kinavuja, jiko linapoa, sawa, namba itashuka. Bado ina nafasi kubwa sana ya kushuka kabla haijawa salama.

Na kwa nini asilimia 0.1 iwe ni tatizo wakati oksijeni ipo mara 200 zaidi yake? Hapa tunaingia kwenye damu.

Himoglobini ndo inayobeba oksijeni, kila molekuli ina nafasi nne. Ichukulie kama daladala yenye siti nne: oksijeni ni abiria anayepanda mapafuni na kushuka kwenye misuli na ubongo, anashuka kirahisi kabisa kwa sababu hiyo ndo kazi yake, na CO ni abiria anayekaa siti ileile ila akifika kituoni hashuki. Kwa kemia tunaandika hivi:

HbO2 + CO ⇌ HbCO + O2

Huu unarudi nyuma na mbele, na kigezo chake cha msawazo ni kikubwa, kati ya 200 na 250 kwa binadamu, tuchukue 230. Maana yake uwiano wa himoglobini iliyokamatwa na CO kwa ile yenye oksijeni ni 230 mara kanieneo ya CO gawanya kwa kanieneo ya oksijeni mapafuni. Kwenye usawa wa bahari oksijeni ndani ya mapafu ni kama milimita 100 za zebaki, na CO ikiwa asilimia 0.1 ya hewa unayovuta inakuwa kama 0.7. Zidisha 230 kwa 0.7 gawanya kwa 100, unapata 1.6. Yaani kwa kila siti 10 zenye oksijeni kuna 16 zimekaliwa na CO, zaidi ya asilimia 60 ya damu imeshikwa. Njombe zote mbili zinashuka pamoja kwa sababu ya mwinuko kwa hiyo jibu halibadiliki sana. Punguza CO mara kumi, iwe asilimia 0.01, na uwiano unashuka hadi 0.16, asilimia 14 hivi ya damu, hapo ni kichwa kuuma na kichefuchefu. Tofauti ya chumba cha kuumwa kichwa na chumba cha kufa ni dirisha limeachwa wazi kiasi gani.

Aliyeichimba hii habari mapema ni Mskoti mmoja, John Scott Haldane, ambaye mwaka 1895 alikuwa anavuta CO mwenyewe huku anapima damu yake na kuandika anavyojisikia, bahati yake alitoka mzima. Alikuwa anashughulika na vifo vya migodi ya makaa ya mawe, na yeye ndo aliyeshauri wachimbaji washuke na panya au ndege wadogo. Sababu ya ndege haikuwa kwamba msawazo wao ni mkali kuliko wetu, ni kasi tu: kiumbe mdogo anapumua hewa nyingi sana ukilinganisha na damu aliyonayo, kwa hiyo anafika kwenye msawazo haraka akadondoka kabla mchimbaji hajaanza kuona kizunguzungu.

Ukishaelewa hilo umeelewa kwa nini mtoto ndo alianza. Chukua baba kwanza. Amelala, anaingiza tuseme lita 4 za hewa zinazofika kweli mapafuni kila dakika, kwenye asilimia 0.1 hiyo ni mililita 4 za CO kwa dakika. Damu yake yote ina uwezo wa kubeba kama mililita 1,000 za gesi kwenye himoglobini. Ili nusu yake ishikwe anahitaji mililita 500, dakika 125, saa mbili na kidogo. Msawazo ulishasema tangu saa tatu usiku kwamba ataishia kwenye asilimia 60, ila mwili ulikuwa unatembea taratibu kuelekea huko, na kwenye saa tano alikuwa yuko njiani, ndo maana anaropoka lakini yuko hai. Mtoto wa miaka minne ana damu kidogo na anapumua haraka, kwa hiyo kwenye muda uleule katangulia mbele sana. Mtoto akitapika usiku kwenye chumba chenye jiko, hata kama wakubwa wanajiona wako sawa, usianze na habari za chakula.

Kuna ubaya mwingine wa CO ambao hesabu ya siti peke yake haiuoneshi. CO ikikaa kwenye nafasi moja au mbili za himoglobini, zile zilizobaki zenye oksijeni zinaishika kwa nguvu zaidi, haziachii vizuri kule kwenye ubongo. Ndo maana mtu mwenye upungufu wa damu wa nusu anaweza kutembea sokoni, ila mtu ambaye nusu ya damu yake imeshikwa na CO yuko kwenye hatari ya kufa. Oksijeni aliyonayo haishuki kituoni.

Na ile mashine ya kidoleni? Inapiga mwanga mwekundu na mwanga mwingine usioonekana kwa macho, inalinganisha rangi. Himoglobini yenye CO ni nyekundu kama yenye oksijeni, mashine ya kawaida haiwezi kuzitofautisha, inajumlisha zote inakuandikia 98. Mgonjwa anaweza kuwa nusu ya damu yake imekamatwa na kidole kinasoma vizuri kuliko cha daktari. Kuna vipimo vya damu vinavyotumia miali mingi zaidi vinavyoweza kuitenga, ila kwenye vituo vyetu vingi hakuna, kwa hiyo kipimo kilichobaki ni lile swali la nesi. Mi ningeliweka kwenye karatasi ukutani pale mapokezi miezi yote ya baridi: watu wawili au zaidi wa nyumba moja, kichwa na kutapika, hawana homa, uliza jiko.

Sasa matibabu. Angalia tena ule mmenyuko wa damu. Uko kulia, tunataka urudi kushoto. Tuna njia mbili tu kwa mujibu wa kanuni: punguza CO au ongeza O2. Kumtoa nje kunafanya ya kwanza, CO ya hewani inakuwa sifuri na mmenyuko unaanza kurudi wenyewe. Mama alipofungua mlango alishaugeuza mwelekeo. Ila kwa hewa ya kawaida, CO iliyoko kwenye damu inapungua nusu kila baada ya saa nne hadi sita. Tuseme baba ana asilimia 40. Ukimwacha nje apigwe na upepo, baada ya saa tano yuko kwenye 20, baada ya saa kumi 10, na kufika 5 inamchukua saa 15, muda wote huo ubongo unadaiwa. Mpe oksijeni tupu kwa barakoa yenye mfuko, na kanieneo ya oksijeni mapafuni inapanda kutoka 100 hadi zaidi ya 600 (kwa namba za usawa wa bahari), unasukuma kutoka upande wa pili. Muda wa CO kupungua nusu unashuka kuwa saa moja au moja na nusu, kwa hiyo kutoka 40 hadi 5 ni kama saa nne. Mirija ile ya puani haikufikishi huko, inachanganya na hewa ya chumbani, oksijeni yenyewe inapungua nguvu. Barakoa yenye mfuko, ibane vizuri usoni, mtungi ufunguliwe kwa kasi ya kutosha mfuko usisinyae.

Ukienda mbali zaidi ukamweka mtu kwenye chemba ya kanieneo mara mbili na nusu au tatu ya kawaida akivuta oksijeni tupu, muda wa kupungua nusu unakuwa dakika 20 hadi 30. Haldane alilionesha hili zamani kwa panya: alimweka kwenye chupa yenye kanieneo moja nzima ya CO, ambayo ingetakiwa imuue mara moja, ila akaongeza oksijeni ya kanieneo mbili, na panya akaishi. Himoglobini yake yote ilikuwa imekaliwa haina kazi tena, ila kwa kanieneo ile oksijeni ya kutosha ilikuwa inayeyuka kwenye maji ya damu yenyewe. Chemba hizo ni chache sana huku kwetu, barakoa na mtungi ndo silaha.

Kuna mambo mawili ya mtaani ambayo msawazo unayamaliza kwa mstari mmoja mmoja. Maziwa: yanaenda tumboni, CO iko kwenye himoglobini, hakuna upande wowote wa ule mmenyuko ambao maziwa yanaonekana, tena kumnywesha mtu anayeropoka unaweza ukampalia. Beseni la maji pembeni ya jiko "linyonye gesi": CO haiyeyuki vizuri kwenye maji, lita moja ya maji ikikaa na CO tupu inachukua kama mililita 23 hivi, na kwenye chumba chenye asilimia 0.1 inachukua sehemu ya elfu moja ya hapo, mililita 0.023. Chumba kina lita 22.5 za CO. Ungehitaji maji kiasi gani, piga mwenyewe.

Turudi kwa mama, maana yeye baada ya saa moja na nusu ya oksijeni anajisikia vizuri anataka kurudi nyumbani. Asiruhusiwe haraka. Kwenye mimba kuna msawazo wa tatu, wa damu ya mama na damu ya mtoto tumboni. Himoglobini ya mtoto aliyeko tumboni inaishika CO kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ya mama, na CO inavuka kondo taratibu, kwa hiyo wakati wa kuingia mtoto anachelewa, anafika baadaye akiwa na kiwango cha juu kuliko mama yake, na wakati wa kutoka anachelewa tena. Kichwa cha mama kimepona, damu yake imesafika, huku mtoto ndo kwanza anaanza kuachia. Barakoa inabaki kwa mama muda mrefu zaidi ya ule ambao dalili zake zingehitaji, na mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa.

Baba yeye anaangaliwa kwa kitu kingine ambacho hesabu hizi zote haziwezi kukitabiri. CO haikai kwenye himoglobini tu, inaingia mpaka ndani ya seli, kwenye misuli ya moyo na kwenye mashine za seli zinazotumia oksijeni, na kuna watu ambao damu imeshasafika kabisa halafu baada ya siku kadhaa au wiki chache wanaanza kusahau vitu, hasira zinabadilika, kutembea kunayumba. Ndugu wakimwona hivyo mwezi wa nane wasiseme ni stress za kazi, wamrudishe hospitali na waeleze kwamba mwezi wa saba alilala na jiko.